Bila Kuongeza Wala Kupunguza

Siku yangu ya kwanza kazini mahakama nzima ya Kondoa ilicheka, na aliyekianzisha kicheko hicho alikuwa shangazi yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeajiriwa kuwa karani mkalimani, yaani mtu anayesimama kati ya hakimu na shahidi asiyekiweza Kiswahili, akayageuza maneno ya huyu yamfikie yule. Siku hizo wazee wengi wa vijijini walizungumza Kirangi, Kigogo au Kisandawe, na Kiswahili walikijua cha kusalimiana na kununulia chumvi. Kirangi ni cha kwetu Kolo, nimekinyonya. Kigogo nilikipata Mvumi, nilikopelekwa kusoma nikikaa kwa mjomba wangu, fundi cherehani. Kisandawe sikukijua na mpaka leo sikijui. Nilijaribu kujifunza, wenyewe wakanicheka mpaka nikaacha.

Asubuhi hiyo aliletwa kizimbani mzee aliyeshtakiwa kwa kumchinja mbuzi wa baba mkwe wake. Kizimba, kwa ninyi ambao hamjawahi kufika mahakamani na Mungu awaepushe, ni ule uzio mdogo wa mbao ambamo mshtakiwa husimama. Nikaapishwa: nitafasiri kwa kweli na kwa uaminifu, bila kuongeza wala kupunguza. Hakimu, mtu mrefu aliyevaa miwani kwenye ncha ya pua, akamwuliza mzee kama shtaka ni la kweli. Mzee akajibu kwa Kirangi. Nikageuka nikasema, "Mheshimiwa, anasema alimchinja kwa sababu alipata wageni."

Hakimu akaweka kalamu chini.

"Nani anasema?"

"Huyu mzee, Mheshimiwa."

"Mzee namwona. Sauti ninayoisikia ni yako. Kijana, ukishaapa huna habari ya kuniletea kutoka kwa mtu. Wewe ni mdomo wake. Akisema nimechinja, na wewe sema nimechinja. Akinyamaza, nyamaza. Na hapa hatutii chumvi. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mheshimiwa."

"Haya, tuanze upya."

Mzee akajibu tena, nami nikapaza sauti ikasikika mpaka kwenye mlango wa masjala. "Ni kweli, Mheshimiwa. Nilimchinja mbuzi wa baba mkwe wangu, na nyama nikala."

Kwenye benchi la nyuma alikuwa ameketi shangazi, aliyepanda lori kutoka Kolo alfajiri ili aje amwone mtoto wao akifanya kazi ya serikali. Aliruka juu. "Toba! Salimu! Mbuzi wa nani? Hata mke huna, baba mkwe umempata wapi?"

Walicheka mapolisi, wakacheka wazee wa baraza, wale wanaoketi na hakimu kumsaidia kupima shauri. Mshtakiwa naye, alipotafsiriwa na jirani yake kilichotokea, akacheka. Hakimu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji kufutwa. Shangazi akatolewa nje kwa heshima zote. Jioni nilimkuta ananisubiri chini ya ukuta na mahindi ya kuchoma, bado hajaamini kwamba sikuiba mbuzi.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu vijana wanaokuja dukani kwangu na miswada yao wananiuliza nimejifunzia wapi kuandika riwaya. Wanatarajia niwatajie chuo. Nawaambia nilijifunzia Kondoa, siku ya mbuzi.

Kazi ya ukalimani ilikuwa na namna yake. Ulisimama hatua chache kutoka kizimbani, ubavuni mwa shahidi, mikono nyuma, macho ukiyaelekeza ukutani juu ya kichwa cha hakimu. Hukutakiwa kumtazama shahidi kwa huruma wala kwa shaka, maana uso nao unatafsiri. Akisita, ulisita. Mzee wa Kirangi akiulizwa kama aliwaona wezi, haanzi na ndiyo wala hapana. Anaanza na hali ya mvua mwaka ule, anapita kwa ng'ombe aliyekuwa na mimba, anamtaja aliyemwuzia huyo ng'ombe na kwa nini walikosana, ndipo anafika kwa wezi. Makarani wengine walikuwa wakisubiri mpaka mwisho, halafu wanasema, "Amewaona." Mimi nilifundishwa kumtoa ng'ombe mzima na ndama wake. Na mara nyingi, amini usiamini, shauri lilikuwa kwenye ng'ombe.

Baada ya miaka nikahamishiwa Mpwapwa, kisha Dodoma mjini. Pale mjini hakimu wangu alikuwa mama mmoja mpole wa maneno na mkali wa sheria. Siku moja nilikuwa mdomo wa mwanamke wa Kigogo aliyefiwa na mtoto kwa uzembe wa mwenye gari. Nilisema maneno yake yote, moja baada ya jingine, "mwanangu alikuwa amevaa viatu vipya," na mengine. Tukafika mwisho.

"Bwana Mkalimani," mama hakimu akaniita, "anayelia sasa hivi ni shahidi au ni wewe?"

"Ni shahidi, Mheshimiwa."

"Shahidi alishanyamaza."

Nikajishika mashavu, nikakuta yamelowa. Akaahirisha shauri, akaniita chumbani kwake, akanipa chai. Hakunigombeza. Alisema tu, "Salimu, wewe maneno ya watu hayapiti kwako. Yanakaa. Sijui utayapeleka wapi ukistaafu." Namkumbuka mama yule kila ninapokaa kuandika, na ninampenda kama ndugu.

Mke wangu nilimpata Kolo, nilipokuwa bado Kondoa. Jina lake Mwanahawa, ingawa kwa desturi ninamwita Mama Zuhura, kwa jina la binti yetu wa kwanza. Wazee wangu walipokwenda kupeleka posa walipokewa na kaka yake, Issa, kijana mwembamba aliyekuwa amevaa kanzu pana kuliko mabega yake. Akawakaribisha, akawakalisha, akasema, "Baba yuko safarini. Mtazungumza na mimi." Wazee wakazungumza naye. Mahari akapokea yeye, na siku ya ndoa aliyesimama kuwa walii wa dada yake, yaani msimamizi wa kumwoza, alikuwa yeye. Katika miaka yote niliyokuwa mkwe wa nyumba ile, mtu akimwuliza Issa habari za baba yake, jibu lilikuwa hilohilo: yuko safarini. Mama yao alifariki baba akiwa safarini. Sikuuliza zaidi. Nilikuwa nalipwa kusema ya watu siku nzima, na nikirudi nyumbani nilipenda kunyamaza.

Nilipostaafu nilifungua duka la nafaka pale Majengo, hapahapa Dodoma. Uwele, mtama, karanga, dengu, na alizeti msimu wake ukifika. Hiyo ndiyo kazi yangu ya pili, na nayo ina maarifa yake. Kuna kuingiza mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, kwa sababu mjanja huweka mtama mzuri juu na wa kubunguliwa katikati. Kuna kutafuna punje usikie kama imekauka. Lakini biashara yenyewe ilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa kusikiliza. Mteja ananunua debe la uwele, anakaa juu yake, anaanza na hali ya mvua. Safari hii hapakuwa na hakimu wa kumpelekea. Maneno yakawa yanajaa kifuani kama mama yule alivyosema, sina pa kuyaweka, nikawa mtu wa hasira za bure. Nikimjibu bodaboda vibaya, Mama Zuhura ananitazama tu.

Mchana biashara ikipoa, Mama Zuhura alikuwa akikaa kwenye kibaraza cha duka na ungo, anachambua mawe kwenye dengu. Ni katika kuchambua huko alikonisimulia, kidogo kidogo, kwa miezi, jambo ambalo hakuwa amelisema tangu tuoane. Baba yake hakuwa safarini. Alikuwa utingo wa malori yaliyopita Kolo kwenda Babati. Siku moja alipanda lori kama siku zote, akasema atarudi kesho, asirudi. Baadaye wapita njia wakaleta habari kwamba ana mke mwingine na nyumba huko mbele. Mama yake Mwanahawa alisikia, hakujibu. Kila jioni alipopakua chakula alipakua na sahani ya mume wake, akaifunika kwa kawa, kile kifuniko cha ukindu, akaiweka juu ya kabati. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa.

"Asubuhi je?" nilimwuliza.

"Asubuhi anampa kaka Issa. Kaka ndiye aliyekuwa akienda na mbuzi, kwa hiyo yeye anakula kiporo cha baba. Mimi nilikuwa namwonea wivu." Akatupa jiwe nje ya ungo. "Kumbe hakuwa anakifurahia. Siku moja nilimwona anakula huku analia, nikadhani ugali umechacha."

Jioni ile niliketi mezani nikaandika sentensi ya kwanza. Sikuandika "palikuwa na mtu." Mkono wenyewe, uliozoea kazi yake, uliandika: "Nilipanda lori asubuhi, nikamwambia mke wangu nitarudi kesho." Nilikuwa mdomo wa baba mkwe wangu ambaye sijawahi kumwona.

Mama Zuhura nilimsomea kila sura kabla ya kuendelea na nyingine. Wakati mwingine alinisahihisha. "Mama hakuwa na kabati la kioo, unatuletea makabati ya Majengo." Wakati mwingine alisema nisome tena. Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya tatu nikiwa na wajukuu, na macho yanahitaji taa mbili.

Vijana, mswada ni maandishi kabla hayajawa kitabu, na mhariri ni mtu anayelipwa kukuambia kitabu bado. Mhariri wangu alikuwa binti wa umri wa Zuhura, akinipigia simu kutoka Dar es Salaam, anaanza kila mara na shikamoo ndefu yenye adabu, halafu ananichana.

"Mzee Salimu, huyu mtu anaondoka. Anakaa mbele huko, anazeeka. Halafu?"

"Halafu basi, binti yangu. Hakurudi."

"Unajuaje kwamba hakurudi?"

"Kwa sababu hakurudi."

"Mzee, samahani, lakini unaandika kama mtu aliyeapishwa. Hakuna anayekushtaki. Hiki ni kitabu chako."

Nilikasirika, nikakata simu, na kwa muda sikuigusa kazi ile. Aliyosema yaliniumiza kwa kuwa yalikuwa kweli. Maisha yangu yote nilikuwa mtu asiyeongeza. Ndiyo heshima niliyokuwa nayo. Sasa naambiwa nimtungie mtu safari ambayo hakuifanya, nimpe maneno ambayo hakuyasema, na mtu mwenyewe ni baba wa mke wangu. Nikamweleza Mama Zuhura. Aliendelea kuchambua dengu kwa muda.

"Mrudishe," akasema.

"Nimrudishe vipi, naye hakurudi?"

"Mimi najua hakurudi, Baba Zuhura. Nilikuwepo. Mrudishe kwenye kitabu. Mlete mpaka mlangoni, aombe chakula."

Nikamleta mpaka mlangoni. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kesi yoyote niliyowahi kutafsiri, na nilipomaliza nilijisikia kama nimeiba kitu na nimesamehewa papo hapo.

Kitabu kilipotoka, redio moja ya hapa mjini ikaniomba nikisome hewani, kipande kwa kipande, kila siku baada ya taarifa ya habari ya mchana. Nikaenda. Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo nadhani ni mkalimani tu anaweza kulifanya. Mtu mwingine angeanza kwa kusema, wapenzi wasikilizaji, hii ni hadithi ya kubuni, jina langu ni fulani. Mimi nilisimama mbele ya kipaza sauti, mikono nyuma, macho ukutani, nikasema kwa sauti yangu mwenyewe inayojulikana Majengo nzima: "Nilimwacha mke wangu Kolo na watoto wawili, nikaenda kuanza maisha mengine."

Mlinikosesha raha, watu wa Majengo, lakini nawapenda. Siku ya pili muuza mboga alimletea Mama Zuhura fungu la mlenda bila malipo, akamshika mkono akasema pole mwenzangu, na wewe hukuwa unajua? Mwenye duka la jirani aliniuliza hao watoto wa Kolo wana umri gani sasa. Dereva wa bajaji aliyekuwa akinipeleka msikitini alipunguza mwendo akasema, "Mzee, lakini umefanya vizuri kukiri." Imamu naye akanivuta pembeni baada ya sala. "Mzee Salimu, dini imeruhusu. Ila huyo wa Kolo, haki yake unampa?" Nilimwapia kwamba sina mke Kolo. Akanipigapiga bega, akasema Mwenyezi Mungu anaijua nia ya kila mtu. Nyumbani Mama Zuhura alicheka mpaka akakalia ungo. Aliniambia yamenirudia yale ya shangazi na mbuzi.

Kicheko kilikwisha Issa alipopiga simu. Hakusalimia vizuri. Alisema anakuja.

Lazima mwelewe Issa ni nani kwa mke wangu. Aliacha shule ili dada yake asome. Alimwoza. Dada yake alipomzaa Zuhura kwa shida, Issa alitoka Kolo na kuku na asali, akalala kwenye varanda ya hospitali mpaka dada yake alipotoka. Mama Zuhura hakuwa na mzazi mwingine duniani. Nilipomwona anafagia ua mara mbili kwa kumsubiri, nilijua kwamba nikimkosesha mke wangu mtu huyu, hakuna riwaya itakayonilipa.

Alifika kwa basi la asubuhi, na baada ya sala ya alasiri tukakaa uani juu ya mkeka, sisi watatu. Amezeeka Issa, lakini kanzu zake mpaka leo ni pana kuliko mabega. Chai aliiacha ipoe.

"Shikamoo kaka," Mama Zuhura alisema kwa mara ya pili.

"Marahaba." Akanigeukia mimi. "Shemeji, kule Kolo watu wananiuliza umemwacha mke gani. Nimewaambia ni hadithi tu, na wewe kazi yako ilikuwa kusema ya watu. Hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni sahani."

Nikaweka kikombe changu chini.

"Sahani yenye kawa juu ya kabati," akaendelea. "Hiyo uliipata wapi?"

"Nilimpa mimi, kaka," Mama Zuhura akasema.

Issa akamgeukia dada yake. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo. "Mimi nimekaa maisha yangu yote nikisema baba yuko safarini. Nilisema kwenye posa yako. Nikasema siku tunamzika mama. Nilikuwa nakusitiri wewe, usiolewe kama mtoto wa mtu aliyekimbia. Leo redio inawaambia watu wote alikokwenda. Basi mimi nilikuwa nasitiri nini?"

"Kaka, hawajui kwamba ni baba. Wanadhani ni Salimu."

"Mimi najua!" Akasimama, akaanza kutafuta viatu vyake. "Nimekuja kuwaambia kwa mdomo, nisiwaambie kwa simu. Kuanzia leo sina dada Dodoma."

Mama Zuhura hakulia wala hakumshika. Alibaki amekaa, ameweka viganja juu ya mkeka kama mtu aliyeshikilia ardhi isiondoke. Mimi nikauliza swali la kimahakama.

"Shemeji, ulisikiliza mpaka mwisho?"

"Nilizima."

"Ulizima ilipofika wapi?"

Kiatu kimoja kilikuwa mkononi mwake. "Pale mama anapofunika sahani."

"Basi hujasikia," Mama Zuhura alisema. "Kaa, kaka. Asome, halafu uende. Sitakuzuia."

Hakukaa, lakini hakuvaa kile kiatu. Nikaingia ndani nikachukua kitabu. Niliporudi sikukaa kwenye mkeka. Nilisimama ubavuni, hatua chache kutoka alipo Issa, macho nikayapeleka kwenye ukurasa nisimtazame usoni, na nikasoma kwa sauti ile niliyofundishwa Kondoa.

"Nilifika Kolo siku ya upepo. Nikabisha hodi kwenye nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu. Mlango ulikuwa umebadilishwa. Mke wangu alitoka, akanitazama tangu kichwani mpaka miguuni, hakusema kitu. Akaingia ndani, akarudi na sahani iliyofunikwa kawa, akaiweka mbele yangu. Nikafunua. Ugali ulikuwa wa moto. Nikamwuliza, ulijua nakuja leo? Akasema, sikujua, hii ni ya kila siku. Nikatazama ile sahani. Nikauliza, na zile za siku zote, alikuwa akila nani?"

"Mimi."

Sikuinua macho. Nilidhani nimesikia vibaya.

"Mimi nilikuwa nakula, baba," Issa akasema. "Asubuhi. Kabla ya kwenda na mbuzi."

Akanyamaza. Nami nikanyamaza, kama nilivyofundishwa. Kuku walikuwa wanaparura karibu na jiko, Mama Zuhura ameinamisha kichwa. Issa alikaa chini taratibu, kiatu bado mkononi.

"Akasemaje?" akauliza.

Nikasoma. "Nikamwita mwanangu aje karibu. Nikamwambia, usinione hivi ukadhani nimekuja kudai. Chakula kile hukuniibia. Kilikuwa chako. Mimi ndiye niliyekuachia kazi zangu zote na sikukuachia hata ahsante. Ahsante, Issa."

Katika kitabu kilichochapishwa mtoto yule ana jina jingine. Nawaambia ukweli, sijui jina la Issa lilitokaje mdomoni mwangu.

Issa alifunika uso kwa upana wa kanzu yake. Mama Zuhura alisogea, akamwekea mkono mgongoni, naye hakuutoa. Kisha akajifuta, akanitazama sawasawa machoni, kama ambavyo hakimu wangu wa kwanza alinitazama.

"Shemeji. Hayo aliyasema?"

Nilikuwa nimeapa mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, mbele ya mahakimu wa kila aina, na sikuweza kumdanganya mtu yule.

"Hapana, Shemeji. Hakusema. Nimeyaongeza."

Akatikisa kichwa polepole. Akakiweka kile kiatu pembeni, akavuta kikombe chake cha chai iliyopoa, akakiweka mbele yake kwa mikono miwili.

"Bado kuna mengine?"

"Yapo. Kurasa chache."

"Soma," Issa akasema. "Na usipunguze."